Ukwato wa Hans: kisa cha Berlin kwa anayefundisha farasi mchanga

Mwaka 1904, katika ua wa nyumba za Mtaa wa Griebenow, kaskazini mwa Berlin, watu walikuwa wakifurika bila kutozwa kiingilio kumwona farasi mweusi akifanya hesabu. Anaulizwa tano na tatu ni ngapi, naye anainua mguu wa mbele wa kulia, anagonga chini mara nane, kisha anaurudisha mahali pake. Ndiyo alijibu kwa kuinua kichwa, hapana kwa kukitikisa. Alitaja tarehe, alisoma saa, na majina ya watu aliyataja herufi kwa herufi, kwa kugonga kulingana na jedwali lililoandikwa ubaoni. Alitumwa pia akachague kitambaa cha rangi fulani, akakileta kwa mdomo. Farasi huyo aliitwa Hans. Bwana wake, Wilhelm von Osten, alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, si mtu wa sarakasi, wala hakuwa na njaa ya pesa. Alitaka tu kuuonyesha ulimwengu kwamba mnyama akifunzwa kama mtoto anavyofunzwa shuleni, atafikiri.

Kisa hiki kimekuwa mali ya wanasaikolojia. Hukisimulia kuwaonya watafiti wasije wakampa majibu yule wanayempima, na wakishamaliza hapo humwacha farasi amesimama uani. Mimi nakisoma kama mtu anayesimama kando ya bega la farasi wa miaka miwili akiwa na karoti mfukoni. Kwa msomaji wa namna hiyo, Hans si kisa cha utapeli wala cha upumbavu. Ni kisa cha mchezo mmoja mdogo, kugonga chini kwa ukwato, uliofundishwa kwa ustadi mkubwa na mtu ambaye hakujua anachofundisha. Na palepale alipokuwa hajui ndipo hatari ilipoingilia.

Tuanze na ufundishaji wenyewe. Von Osten alipanga vigingi vya mbao mbele ya farasi, akamwamuru ainue mguu, akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Mwanzoni aliusogeza mguu kwa mkono wake mwenyewe. Hans akipatia, anapewa kipande cha mkate au karoti. Baadaye vigingi vikaondolewa, zikaja shanga za kuhesabia, kisha tarakimu ubaoni. Kazi ilichukua kama miaka minne. Hans aliianza akiwa na umri wa kama miaka mitano, yaani ndiyo kwanza kinywa chake kimekamilika meno ya ukubwani.

Utaratibu huo si mbaya hata kidogo. Tendo limekatwa vipandevipande, malipo yanatolewa papo hapo, haraka haipo. Wengi wanaofundisha farasi leo hawana hata robo ya subira ile. Lakini mwalimu na mwanafunzi walikuwa katika masomo mawili tofauti. Mwalimu alikuwa anafundisha namba. Hans alikuwa anatafuta jambo moja: nikianza lini na nikiacha lini ndipo mkate unatoka? Namba zilibadilika kila swali, kwa hiyo kwake hazikuwa na msaada. Kilichokuwa hakibadiliki ni mwili wa yule mzee aliyesimama upande wake wa kulia, amevaa kofia pana.

Msomaji wa Tanzania ana sababu ya kulitambua jina la mtu aliyemtangaza sana Hans mwaka ule. Ni Carl Georg Schillings, msafiri na mwindaji wa Kijerumani aliyepiga picha za wanyama usiku kwa mwanga wa ghafla wa magnesiamu katika nyika za kaskazini ya Tanzania ya leo, enzi za ukoloni wa Wajerumani. Mtu wa namna hiyo alijua kumkaribia mnyama bila kumshtua, na hakuwa wa kudanganyika upesi. Alikwenda uani akiwa na shaka zake. Akamuuliza Hans maswali mwenyewe, von Osten hayupo karibu, na Hans akajibu. Schillings akaondoka ameamini.

Nadhani hapo ndipo pa kutulia kidogo. Schillings hakujua kwamba anatoa alama yoyote. Von Osten hakumfundisha ishara ya siri, maana hata yeye hakuwa nayo. Ina maana kwamba kile alichokuwa anakisoma Hans ni kitu ambacho karibu kila mtu hukifanya.

Mwezi Septemba 1904 tume ya watu 13, ikiongozwa na profesa Carl Stumpf wa Chuo Kikuu cha Berlin, ilikuja kumkagua. Alikuwamo Paul Busch, mwenye sarakasi, mtu ambaye kama kuna ujanja wa kawaida wa ulingoni angeunusa kabla ya wote. Alikuwamo pia mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Berlin. Tume ikasema haikuona ujanja. Walisema kweli, kwa sababu ujanja haukuwepo.

Aliyefumbua fumbo ni Oskar Pfungst, mwanafunzi wa Stumpf. Alisimamisha hema palepale uani kuzuia macho ya watazamaji, kisha akabadilisha jambo mojamoja. Muulizaji akiwa anajua jibu, Hans anapatia. Akiwa hajui, kwa mfano amepewa kadi ambayo yeye mwenyewe hajaiona, Hans anagonga ovyo. Halafu akamvika vidoto vikubwa pembeni mwa macho, kama vile afungwavyo ngamia wa kinu cha mafuta. Muulizaji akisimama pasipoonekana, majibu yanaharibika, na Hans anavutana na kamba akigeuza kichwa ili amwone.

Pfungst akaacha kumtazama farasi, akamtazama mtu. Na alichokiona ni hiki. Mtu akishauliza, anainamisha kichwa kidogo sana ili aangalie ukwato. Hans anaanza kugonga. Mtu anahesabu moyoni, shingo na mabega yamekaza. Hesabu ikifika pale panapotakiwa, ule mkazo unaachia, na kichwa kinapanda juu. Kinapanda kiasi cha milimita moja, pengine hata chini ya hapo. Von Osten kwa kofia yake ya ukingo mpana alikuwa anamrahisishia mwanafunzi wake bila kujua, maana mtikisiko mdogo wa kichwa huwa mkubwa kwenye ukingo wa kofia. Hans anauona, anaurudisha mguu, anapata mkate. Mtu akiinama zaidi, Hans anagonga kwa kasi zaidi. Pfungst aligundua kwamba hahitaji hata kuuliza swali: akiinama farasi anaanza, akinyooka farasi anaacha. Na ingawa sasa alikuwa anajua kila kitu, kuzuia kichwa chake kisipande kulimshinda.

Wataalamu wengi huishia hapo. Mtu wa farasi ndipo anapoanza kuingiwa na baridi.

Hebu uangalie upya mchezo huu ukisahau hesabu. Hans alikuwa farasi dume mzima, na alikuwa amefundishwa kwa miaka minne kwamba mtu aliye karibu yake akiinama, basi ainue mguu wa mbele na kuupigisha chini kwa nguvu. Sasa nani huinama karibu na farasi? Saisi anayeokota kamba iliyoanguka. Fundi wa viatu vya farasi anayetaka kutazama ukwato. Mtoto anayefunga kamba za viatu vyake. Yaani alama ya kuanzisha mchezo ilikuwa ndani ya maisha ya kila siku ya banda, na mtu yeyote angeweza kuitoa bila kukusudia. Mguu wa mbele ukiinuliwa na farasi aliyesisimkwa hauishii chini. Unakwenda mbele, na mbele ndiko kwenye kichwa cha aliyeinama.

Hapa ndipo natofautiana na wale wanaoshauri kwamba kugonga chini ni mchezo mwepesi wa kuanzia kwa farasi mchanga. Ni mwepesi kufundisha, kwa sababu farasi hupara chini mwenyewe akiwa na njaa au amechoka kusubiri. Ugumu wake unakuja baadaye: farasi wa miaka miwili akishagundua kwamba kupara kunaleta karoti, atapara kwenye ndoo, atapara mlango wa banda, atakuparia wewe ukichelewa na chakula. Umemfundisha kudai, na umempa mguu kuwa chombo cha kudai.

Kwa farasi mchanga mimi naanza na kinyume cha mchezo: kusimama na kuangalia kando. Ningependa kulieleza hili kwa karibu, kwa sababu ndilo linalobeba mengine yote. Simama ubavuni, usawa wa bega lake, uso wako ukielekea anakoelekea yeye, kamba mkononi ikiwa imekunjwa na si kuzungushwa kiganjani. Kamba iliyozungushwa mkononi ikivutwa na mnyama wa kilo mia tatu hukata vidole. Chakula kiwe kwenye mfuko uliofungwa, upande wa mbali na farasi. Atanusa. Atasukuma mkono wako kwa pua, atajaribu midomo kwenye mkunjo wa koti. Usimpige, usimsukume, usirudi nyuma. Kaa kama nguzo. Kuna wakati atachoka, hata kwa nukta moja, na pua itaondoka kwako kuelekea mbele. Hapohapo sema neno lako fupi, lilelile siku zote, kisha toa chakula mbali na mwili wako, pale pua yake ingekuwa kama amesimama vizuri. Baada ya siku chache utaona jambo la kuchekesha: ukitia mkono mfukoni, farasi anageuza uso upande wa pili kama mtu anayekwepa kuombwa deni.

Hilo lingemfaa Hans, kwa sababu Hans aliuma. Pfungst aliumwa zaidi ya mara moja. Von Osten naye alikuwa mtu wa hasira, majibu yakiharibika anafoka, na farasi wake alikuwa na hasira za kumtosha mwenyewe. Ukilinganisha na mengine ya kisa hiki, habari ya kuumwa hutajwa kwa kupitia tu, kama mzaha. Kwangu ina uzito kuliko ile ya milimita.

Fikiria hali ya mle hemani. Kwa miaka minne kumekuwa na mkataba: nikisoma shingo vizuri, nalipwa. Leo ameletwa mtu ambaye shingo yake haisemi kitu, kwa kuwa jibu halijui. Farasi anagonga, anaendelea kugonga, haoni alama, mkate hauji. Mnyama aliyezoea kulipwa akinyimwa ghafla haachi mara moja. Kwanza hufanya lilelile kwa nguvu zaidi, kisha hujaribu lolote alilonalo. Hans alikuwa na meno. Ongeza kwamba ni dume, ongeza kwamba amezoea kulishwa kwa mkono, ongeza vidoto vinavyomzibia njia ya pekee aliyokuwa nayo ya kupatia. Sioni ubaya wa tabia hapo. Naona farasi aliyeulizwa swali asiloweza kulijibu, tena na tena, bila kuachiwa njia ya kutokea.

Farasi mchanga ana sababu zake za ziada za kutumia mdomo. Meno ya mbele ya utotoni huanza kung'oka akiwa na umri wa miaka miwili na nusu, ya jozi inayofuata mwaka mmoja baadaye, na ya mwisho akikaribia miaka minne na nusu. Muda wote huo ufizi unawasha na kila kitu kinaingia kinywani. Zaidi ya hayo, farasi hakioni kilicho chini ya pua yake. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, yanaona karibu duara nzima isipokuwa nyuma yake kabisa na sehemu ndogo mbele ya paji na chini ya mdomo. Ukimpa karoti kiganjani anaitafuta kwa midomo na ndevu, na kidole kikiwa kimenyooka hapo kitaonjwa kama karoti. Ndiyo maana kwa miezi ya mwanzo napendelea bakuli. Neno linasema umepatia, bakuli linakuja, kichwa kinashuka ndani yake. Mkono haugeuki kuwa mahali pa kuwindia.

Na maswali yawe ya kujibika. Farasi akikosea mara mbili tatu mfululizo, kosa liko kwenye swali. Rudi nyuma hatua moja, muulize analolijua, mlipe, maliza. Kipindi cha dakika tano hadi kumi kinatosha farasi wa miaka miwili, na mwisho uwe na neno lake pia, pamoja na mikono mitupu iliyoonyeshwa wazi, ili ajue duka limefungwa. Ukiona masikio yanalala nyuma, mkia unapigwapigwa, midomo imekaza, tayari umechelewa kumaliza.

Michezo inayofuata ni ya kutumia kichwa zaidi ya miguu: kugusa kwa pua chupa ya plastiki iliyofungwa ncha ya fimbo, kuifuata chupa hiyo hatua mbili tatu, kusimama juu ya kipande cha mkeka, kurudi nyuma kwa neno, kushusha kichwa. Yote hayo yana faida bandani. Farasi anayefuata chupa atapanda gari la kubebea bila vita, na anayeshusha kichwa kwa neno atavikwa hatamu na mtu mfupi. Kupiga magoti, kulala na kusimama kwa miguu ya nyuma nayaacha. Sehemu ya ukuaji ya mfupa iliyo juu tu ya goti la mbele hufunga farasi akikaribia miaka miwili na nusu, na mifupa ya mgongo huchelewa zaidi ya hapo kwa miaka kadhaa. Kusimama kwa miguu ya nyuma simfundishi farasi wa umri wowote. Sarakasi wana sababu zao, mimi sina.

Kama mtu anashikilia kwamba lazima farasi wake ainue mguu watu wafurahi, basi kisa cha Berlin kinamwelekeza wapi pa kuweka alama. Isiwe kuinama, isiwe kunyoosha kidole, isiwe kutazama. Iwe ni kugusa kwa ncha ya fimbo nyembamba mahali pamoja ambapo hapaguswi kwa sababu nyingine, tuseme juu kidogo ya goti, wewe ukiwa ubavuni na kamwe si mbele, pamoja na neno. Mguu ukipanda na kutulia juu, mlipe ukiwa juu. Ukipara au kurushwa mbele, hakuna malipo. Na mguu ulioinuliwa bila kuombwa usilipwe hata mara moja, hata kama mgeni amecheka na kupiga makofi.

Halafu jaribu kazi yako kama Pfungst. Mwambie mwenzako ainame mbali kidogo na farasi, aangushe kofia, akohoe. Mguu ukipanda, alama uliyofundisha si ile unayoidhania. Kisha nenda nyuma ya mlango wa banda ule wa vipande viwili, funga cha juu ili usionekane, toa neno peke yake, na mwenzako achungulie kwa pembeni. Mara ya kwanza wengi hupigwa na butwaa: farasi aliyekuwa hodari amesimama anatafuna, hana habari. Alikuwa anakusoma bega.

Von Osten hakukubali matokeo ya Pfungst. Alikasirika, akamfungia milango, na akafa mwaka 1909. Hans alichukuliwa na Karl Krall, sonara wa Elberfeld, aliyekuwa tayari na farasi wengine aliowafundisha kugonga, wakiwemo madume mawili ya Kiarabu, Muhamed na Zarif. Vita Kuu ilipokuja Hans alipotea ndani yake, na baada ya 1916 hatajwi tena.

Krall alidhani ana jibu la kumnyamazisha Pfungst. Kama siri ni macho, alisema, basi huyu hapa Berto, farasi kipofu, naye anahesabu. Hoja ilionekana nzito, lakini farasi ana zaidi ya macho. Ngozi yake hutikisika nzi akitua, na sikio lake hugeukia pumzi ya mtu. Akishikwa kwa kamba, kila kukaza na kulegea kwa mkono wa mshikaji kunasafiri hadi shavuni mwake. Ndiyo sababu jaribio lile la mlango nalifanya kamba ikiwa imefunguliwa kabisa kwenye hatamu.